Walihesabu Mahema

Tarehe 5 Mei 2008 malori ya serikali yalianza kupakia watu katika kambi za Bonde la Ufa kuwarudisha mashambani. Operesheni Rudi Nyumbani, ndivyo ilivyoitwa. Ilikuwa imepita miezi minne tu tangu matokeo ya kura ya 27 Desemba 2007 yatangazwe na nchi kuwaka, na penye nyumba nyingi majivu yalikuwa hayajazolewa. Kwa hesabu ya serikali yenyewe, watu 663,921 walikuwa wamefurushwa makwao na nyumba zaidi ya 78,000 kuteketezwa. Watu kama 350,000 kati yao walijibanza katika kambi 118: viwanja vya maonyesho vya Eldoret na Nakuru, vituo vya polisi, nyua za makanisa, shule. Wengine 313,921 hawakuwa na hema. Walilala sebuleni kwa kaka, jikoni kwa shangazi, au katika chumba kimoja cha kupanga walimobanana familia tatu. Lori halikwenda kuwachukua hao, na wengi wao hawakuonja hela zilizofuata lori.

Msimamo wangu nausema mapema. Kenya ilifunga kambi, haikumaliza ukimbizi, na ilishindwa kuumaliza kwa sababu tangu siku ya kwanza ilichagua kuhesabu mahema. Nimetumia miaka mingi nikisoma orodha za waliofurushwa, na kadiri ninavyozisoma ndivyo ninavyoamini kwamba haki ya mkimbizi wa ndani hupatikana au hupotea kwenye daftari. Nani ameandikwa, nani aliyeshika kalamu, daftari lilifungwa siku gani: maswali hayo matatu yameamua maisha ya watu wengi kuliko hotuba yoyote ya amani niliyowahi kuisikia.

Hema linaonekana. Aliyepita barabara ya Nakuru kwenda Eldoret mwaka ule aliyaona yamejipanga, balozi aliyaona, mpiga picha wa gazeti aliyaona. Kambi ni aibu ya serikali iliyoanikwa juani. Mtu aliyelala sebuleni kwa kaka yake hamtii mtu aibu. Basi kipimo cha kazi kikawa ni kambi ngapi zimefungwa wiki hii, na ofisa anayepimwa kwa kambi zilizofungwa atafunga kambi. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika wakati ule jinsi watu walivyotishwa waondoke na jinsi mgao wa chakula ulivyotumiwa kuwasukuma. Walioogopa kulala tena penye nyumba zilizochomwa walipiga mahema kando ya mashamba yao, wakalima mchana na kujikunyata hemani usiku. Mahali hapo pakaitwa vituo vya mpito. Kwenye karatasi kambi ilikuwa imefungwa, ilhali mama na watoto walikuwa chini ya turubai lile lile, wamesogezwa kilomita chache tu.

Familia iliyokubali kuondoka iliahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na iliyochomewa nyumba shilingi 25,000 za kujengea. Familia ya watu wawili na familia ya watu tisa, kiasi ni kile kile. Aliyepoteza ng'ombe wa maziwa na trekta, na aliyepoteza kibanda cha mboga, ni kile kile. Lakini kasoro kubwa zaidi ilikuwa dhana iliyobeba mpango wote: kwamba kila aliyefurushwa ni mkulima, ana shamba lake, na shamba bado linamngoja. Mpangaji je? Fundi cherehani aliyekodi kibaraza Burnt Forest, kibarua wa mashamba ya maua Naivasha, mchuuzi wa mitumba Nakuru: nyumbani kwa hawa palikuwa ni kodi ya mwezi, wateja wanaomjua, na jirani anayemkopesha kibaba cha unga. Huwezi kumpakia mtu lorini umrudishe kwa wateja.

Baadhi ya waliokosa pa kurudi walichanga zile elfu kumi kumi zao, wakatafuta kipande cha ardhi mbali na walikotoka, wakagawana viploti visivyotosha kulima mahindi ya kula. Kule Maai Mahiu makazi ya namna hiyo yaliitwa Jikaze na Vumilia. Sijui tathmini ya sera iliyoandikwa kwa ufupi kuliko majina hayo mawili. Kisha mwaka 2013 serikali mpya ikatoa shilingi 400,000 kwa kila familia iliyosalia kambini, ili kambi zifungwe moja kwa moja. Waliozipokea walistahili, miaka mitano chini ya turubai si mchezo. Ila tazama funzo lililoachwa: aliyeitika wito wa serikali mapema alipata 10,000, aliyebaki hemani alipata mara arobaini, na asiyewahi kukaa hemani mara nyingi hakupata kitu. Taifa zima likafundishwa kwamba ukitaka kuonwa, usitoke kambini.

Kuna mama mmoja nimemfahamu kwa miaka kadhaa, anakaa Kisumu. Alizaliwa Naivasha, baba yake akiwa kibarua, na yeye mwenyewe alifunga maua ya waridi mabunda mabunda tangu akiwa msichana. Januari 2008, siku magenge yalipozichoma nyumba za Waluo mjini humo, na watu 19, wengi wao wanawake na watoto, wakateketea ndani ya nyumba moja, alikimbilia uwanja wa kituo cha polisi na watoto watatu. Alikaa hapo siku kumi na tatu. Alipewa kadi ya mgao, karatasi ngumu yenye namba na alama za kalamu kila alipochukua unga na maharagwe. Basi lilipokuja kuwapeleka watu magharibi alipanda, kwa sababu watoto walikuwa wakihara na kipindupindu kilikuwa kinanong'onwa. Usajili wa maana ulipofanyika, yeye hakuwa tena kambini. Alipokwenda katika ofisi moja mjini kueleza habari zake, kijana aliyekuwa mezani alimwambia, bila ubaya wowote: "Mama, wewe si umeshafika kwenu?"

Kwao! Alipofika Kisumu alilazimika kuuliza njia ya kwenda kijiji cha babu yake. Watoto wake walijua Kiswahili cha Naivasha tu, na shuleni wenzao waliwacheka kwa kukosa kusema Kijaluo. Swali la yule kijana ndilo sumu iliyomo katika siasa zetu za makazi: kwamba kila Mkenya ana kwao palipoandikwa katika jina la ukoo wake, na popote pengine yeye ni mgeni wa muda. Aliyemchomea nyumba aliamini hivyo. Ofisi iliyomnyima msaada iliamini hivyo hivyo, kwa upole zaidi. Katiba ya 2010, ibara ya 39, inasema kila raia ana haki ya kuingia, kubaki na kuishi popote nchini. Usajili wa wakimbizi wa ndani ndio mahali pa kwanza ambapo ibara hiyo inapaswa kufanya kazi.

Niyaguse sasa mambo matatu ninayoambiwa kila ninapoongea hadharani. La kwanza ni kwamba haya ni makabila yenye chuki ya tangu zamani, na serikali haiwezi kuingilia damu. Kama ni damu, mbona inafuata kalenda ya uchaguzi? Mapigano yalianza Oktoba 1991 katika shamba la Meteitei, Nandi, wakati mfumo wa vyama vingi unarudi. Yakaendelea kupita kura ya 1992. Likoni ikashambuliwa Agosti 1997, miezi michache kabla ya kura. Kisha 2007. Lakini 2002 na 2013 Bonde la Ufa lilipiga kura bila kufurushana kwa namna hiyo. Mwaka 2002 wagombea wakuu wote wawili walikuwa Wakikuyu; mwaka 2013 wanasiasa wakuu wa Wakikuyu na Wakalenjin walikuwa kwenye tiketi moja. Chuki inayojua kusubiri mpaka vigogo wagombane ina mwenye kuishika kamba. Kamati ya Bunge ya Kiliku ya 1992, Tume ya Akiwumi na Tume ya Waki, zilizochunguza ghasia kila moja kwa wakati wake, zilikuta mikono ya wanasiasa na wenye fedha katika vurugu hizo.

Hiyo haina maana kwamba hakuna dai la kweli chini yake. Lipo, na wanaolikana wanawapa wachochezi silaha. Waingereza waliwahamisha Wamaasai mara mbili, 1904 na 1911, wakawaondoa Wanandi na Wakipsigis katika ardhi nono na kuwapa masetla, na katika miaka ya 1930 ukoo mzima wa Talai ukahamishiwa Gwassi. Hao ndio miongoni mwa wakimbizi wetu wa ndani wa kwanza, na dola ndiyo iliyowafurusha. Uhuru ulipokuja ardhi ile haikurudishwa, iliuzwa. Watu wa Mkoa wa Kati wakanunua kupitia miradi ya makazi na makampuni ya kununua ardhi kama Ngwataniro, wakauziana hisa, wakayaita mashamba mapya majina ya vijiji vyao vya zamani. Kiambaa karibu na Eldoret, ambako tarehe 1 Januari 2008 kanisa lilichomwa na watu wakiwa ndani, ilipata jina lake kutoka Kiambaa ya Kiambu. Mnunuzi alilipa pesa halali. Ambaye babu yake alinyang'anywa naye analia kihalali. Serikali iliyokaa katikati ya vilio hivyo viwili miaka sitini bila kumjibu hata mmoja haiwezi kusema damu ndiyo iliyofanya.

La pili: wakimbizi bandia. Walikuwapo, nimeona majina yao. Nimeona orodha ambamo nambari moja ya kitambulisho inajirudia mara tatu kwa majina matatu, na familia ambayo majirani wote walisema haijawahi kuishi mahali pale. Lakini bandia huzaliwa na utaratibu wenyewe: orodha inapoandikwa kwa haraka na watu wachache, chifu na wenzake, mlango umefungwa, mwenye mjomba mlangoni huingia na mwenye haki hubaki nje. Dawa ni kuisoma orodha hadharani barazani, jina kwa jina, mbele ya waliokaa pamoja. Majirani hujuana. Badala yake tulitangaza kwamba bandia wamezidi, tukafunga daftari, na aliyeumia ni yule ambaye hakuwa ameandikwa kabisa.

La tatu ndilo huniuma zaidi, kwa kuwa husemwa na watu wema, viongozi wa dini na wazee wa amani: yamepita, tusifukue. Nimekaa kwenye vikao vya maridhiano ambavyo kila mtu alishikana mkono na mwenzake. Baada ya kikao kimoja, mzee aliyekuwa amerudi shambani kwake alinishika kiwiko, akanionyesha jiko la jirani upande wa pili wa ua wa michongoma. Mabati mawili ya paa lake yalikuwa na rangi ya kijani iliyopauka, na kona moja imepindwa kwa namna fulani. "Ile kona niliipinda mimi na nyundo, mwaka nilioezeka," alisema. Aliyaona mabati yake kila asubuhi alipotoka kupiga mswaki, na kila asubuhi alimwamkia mwenye jiko. Mzee yule alikuwa amerudi nyumbani kwa mujibu wa kila takwimu.

Haki ya jinai ndiyo nusu ya urejeshaji tuliyoiacha. Tume ya Waki iliripoti vifo 1,133. Kesi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai zilikwisha bila hukumu, ya Uhuru Kenyatta ikiondolewa Desemba 2014 na ya William Ruto na Joshua Sang ikisitishwa Aprili 2016, na mahakama za nyumbani hazikuziba pengo. Machi 2015 Rais Kenyatta aliomba radhi Bungeni na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Miaka ikapita wakingoja. Mwanga mmoja ni wa Desemba 2020, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba serikali ilikiuka haki za baadhi ya waathiriwa wa ukatili wa kingono katika ghasia zile, na kuagiza wanne kati ya walalamishi walipwe shilingi milioni 4 kila mmoja. Linganisha kiasi hicho na ile elfu kumi: jaji alipima madhara ya mtu mmoja mmoja, wizara ilipima msongamano wa kambi.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jumuiya ya kimataifa haikushika usukani. Jibu limo katika neno "ndani". Januari 2001 polisi walipowafyatulia risasi waandamanaji Zanzibar, watu zaidi ya 2,000, wengi wao Wapemba, walivuka kwa majahazi na mashua hadi Shimoni, pwani ya Kenya. Kwa kuvuka bahari wakawa wakimbizi wa sheria ya kimataifa, na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, likaingia kazini. Miaka minne nyuma, pwani hiyo hiyo, waliokimbia Likoni hawakuvuka mpaka wowote. Wengine walivuka kivuko cha feri tu, na serikali iliyoshindwa kuwalinda ndiyo ile ile iliyobaki na wajibu wa kuwatunza. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa za 1998 zinasema aliyefurushwa arudi, abaki alikokimbilia au ahamie kwingine kwa hiari yake, kwa usalama na kwa heshima. Mkataba wa Kampala wa 2009 ukazipa kanuni za namna hiyo nguvu ya sheria kwa nchi zilizouridhia. Mawazo ni mazuri. Lakini mlango wa kupitia bado ni dola yenyewe.

Na dola hupenda kufunga kambi. Si yetu tu. Hapa Kenya, kambi ya Maela ilivunjwa Desemba 1994, watu wakapakiwa kwenye malori kwa nguvu na kutupwa Mkoa wa Kati, eti ndiko kwao. Goma, Kongo, Februari 2025, baada ya waasi wa M23 kuuteka mji, watu waliokuwa kwenye kambi za pembezoni waliambiwa wana saa 72 kurudi vijijini, na mahema yakang'olewa kwa maelfu. Mwenye mamlaka awe wizara au kundi lenye bunduki, hesabu ni ile ile: hema likitoweka, tatizo limekwisha.

Tuna sheria. Bunge la Kenya lilipitisha mwaka 2012 sheria ya kuzuia ufurushaji na kuwalinda wakimbizi wa ndani na jamii zilizoathirika, yenye kamati ya kitaifa ya kuratibu na mfuko wake. Ni miongoni mwa sheria za mwanzo za aina hiyo barani, na nimeiona ikisifiwa katika mikutano ya nje. Lakini Juni 2014 Mpeketoni iliposhambuliwa, na tena Januari 2022 watu wa Widho na Juhudi, kaunti hiyo hiyo ya Lamu, walipokimbia mashamba yao, walilala katika shule, kama 2008. Katika siku za mwanzo, mwenye daftari alikuwa yeyote aliyefika na kalamu.

Ningeanza hapo, kwa daftari. Liwe la kaunti, liwe wazi mwaka mzima, na liandike mtu popote alipo, hemani au sebuleni kwa shemeji. Lipokee ushahidi wa maisha halisi: cheti cha hisa cha kampuni ya ardhi, kadi ya kliniki ya mtoto, rejista ya shule, risiti ya kodi, cheti cha ubatizo, kauli ya majirani watatu. Hatimiliki nyingi ziliungua na nyumba, na nyingine hazikuwahi kutolewa. Lisomwe barazani huko alikotoka mtu na huko alikofikia.

Pili, ardhi. Wiki za mwanzo baada ya ghasia ndipo shamba la ekari tano huuzwa kwa bei ya pikipiki. Nimeshika mikataba ya namna hiyo, ya ukurasa mmoja, iliyowekwa sahihi katika mkahawa wa mji wa mbali. Eneo likishatangazwa kuwa la ufurushaji, msajili wa ardhi aweke zuio la muda kwa kila kipande, na mwenye kutaka kuuza kweli apitie kwa mthamini wa serikali kwanza, apate bei ya haki. Hili halihitaji fedha nyingi. Linahitaji agizo moja na msajili anayelitii, na lingevunja faida ya kumfurusha jirani kuliko doria yoyote.

Tatu, fidia ipimwe kwa alichopoteza mtu na ifuate popote anapochagua kuishi, bila sharti la kupanda lori. Na wapelelezi wafungue majalada ya mali iliyoporwa, ng'ombe, mabati na mashine za kusaga, ambayo kila kijiji kinajua iko wapi. Kesi ndogo ya mabati mawili ina ushahidi kuliko kesi kubwa ya uchochezi. Kamati ya ile sheria ya 2012 ipewe fedha na kazi hiyo sasa, kabla ya kura ya Agosti 2027, wakati watu hawajaanza tena kulala na viatu miguuni.

Yule mama wa Kisumu nilimtembelea mwaka jana. Alitoa mfuko wa nailoni chini ya godoro, ndani yake mkiwa na vyeti vya watoto, picha ya baba yake, na ile kadi ya mgao. Wino umekuwa hafifu na namba ya mwisho karibu haisomeki. Aliniomba nimtolee kopi. Nikamtolea mbili, dukani pale kwenye kona, nikamrudishia zote na kadi yenyewe. Alizitazama kidogo, akaikunja moja mara mbili na kunisukumia mkononi.

"Hii kaa nayo wewe, mwanangu," alisema. "Kwangu huku kunaweza kuchomwa."